Mbawakawa wa nafaka na vyakula vikavu: jinsi ya kuwatambua kabla ya mzigo kufika Busia na Malaba

Mahindi, maharage, mtama, muhogo mkavu, mchele, kahawa na dagaa ni bidhaa zinazovuka mpaka wa Kenya na Uganda kila siku kupitia Busia na kupitia Malaba, upande wa Tororo. Ndani ya magunia hayo husafiri pia wadudu ambao hawana hati wala hawalipi ushuru. Mdudu mwenye urefu wa milimita 4 anaweza kushusha bei ya lori zima, kufanya mzigo ukataliwe na wakaguzi, au kugeuza mahindi mazuri kuwa vumbi katika muda wa miezi michache.

Wafanyabiashara wengi huwaita wadudu hawa wote kwa jina moja la fukusi, na huwatumia dawa moja. Hasara nyingi huanzia hapo. Wadudu wa ghalani hawafanani tabia. Wapo wanaotoboa punje nzima, na wapo wanaokula tu makombo yaliyoachwa na wenzao. Wapo wanaoingia shambani kabla ya mavuno, na wapo wanaosubiri ndani ya nyufa za ghala au sakafu ya lori. Dawa inayomuua mmoja huweza kumwacha mwingine akiwa hai. Kwa hiyo mnunuzi anayeweza kumtaja mdudu kwa jina lake kabla ya kulipa huwa amejua mambo matatu: mzigo umetoka katika hali gani, utadumu kwa muda gani, na ufanyiwe nini.

Makala hii inaeleza wadudu wanaopatikana zaidi katika maghala, maduka na nyumba za eneo la Busia na Tororo, pamoja na alama za kuwatofautisha.

MBAWAKAWA NI NINI

Wadudu wengi waharibifu wa nafaka iliyohifadhiwa ni jamii ya mbawakawa. Mbawakawa ana mabawa mawili magumu ya juu yanayofunika mgongo kama gamba, na chini yake mabawa laini ya kurukia. Fukusi na dumuzi ni mbawakawa.

Maisha yake yana hatua nne. Jike hutaga yai, yai huangua buu, buu hula na kukua, kisha hujikunja na kutulia kabla ya kutoka akiwa mdudu kamili. Katika joto la eneo la ziwa mzunguko huo huchukua kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Jambo la kuzingatia ni kwamba kwa wadudu hatari zaidi, hatua tatu za mwanzo hupita ndani ya punje, mahali ambapo jicho halifiki. Gunia linaloonekana safi siku ya kununuliwa Tororo linaweza kuwa na wadudu tele baada ya mwezi mmoja bila mdudu yeyote kuingia kutoka nje.

VIFAA VYA UKAGUZI

Mkaguzi wa mzigo hahitaji maabara. Anahitaji bambo la kuchoma gunia, chekeche lenye matundu ya takriban milimita 2, karatasi nyeupe, kioo cha kukuzia na chupa ya kioo iliyo kavu.

Bambo lichomwe juu, katikati na chini ya gunia, kwa sababu wadudu hawakai sawasawa. Idadi ya magunia ya kuchoma hufuata utaratibu wa kawaida wa sampuli: mzigo wa magunia hadi 10 huchomwa yote, kuanzia 11 hadi 100 huchomwa 10 kwa kuchagua bila upendeleo, zaidi ya 100 huchomwa idadi inayolingana na kipeuo cha pili cha magunia yote. Hivyo lori la magunia 144 huchomwa magunia 12, na la magunia 300 huchomwa 18. Mnunuzi anayechoma magunia mawili ya mlangoni huona tu kile ambacho muuzaji amependa kionekane.

Punje zichekechwe juu ya karatasi nyeupe. Kinachoanguka ndicho ushahidi: wadudu wazima, mabuu, vumbi na vipande. Ili kupata punje zilizoliwa kwa ndani, mkono mmoja wa nafaka utiwe ndani ya maji. Punje nzima huzama, zilizo tupu huelea. Zile zinazoelea zipasuliwe kwa wembe.

FUKUSI WA MAHINDI

Huyu ndiye anayejulikana zaidi, kwa jina la kitaalamu Sitophilus zeamais. Ana urefu wa milimita 2.5 hadi 4.5, rangi ya kahawia iliyokolea au nyeusi, na mara nyingi madoa manne ya rangi ya machungwa mgongoni. Alama yake kuu ni mdomo mrefu uliochongoka mbele ya kichwa kama mkonga wa tembo. Mdudu yeyote wa ghalani mwenye mdomo wa namna hiyo ndani ya mahindi, mtama au mchele ni fukusi. Ndugu yake wa karibu, fukusi wa mchele, hufanana naye kiasi kwamba kwa macho tu ni vigumu kuwatenganisha, na hatua za kuchukua ni zilezile.

Jike hutoboa punje kwa mdomo huo, hutaga yai moja ndani ya tundu na kuliziba kwa ute. Katika maisha yake huweza kutaga hadi mayai 150. Mdudu mpya hutoka kwa kutoboa tundu lenye kingo zilizochakaa. Vumbi huwa kidogo.

Fukusi wa mahindi huruka vizuri na huanza kushambulia mahindi yakiwa bado shambani, hasa yanapocheleweshwa kuvunwa. Akionekana kwa wingi katika mahindi mapya, dalili ni kwamba mazao yalikaa shambani au kibandani kwa muda mrefu bila kupukuchuliwa na kutibiwa.

DUMUZI

Dumuzi, Prostephanus truncatus, ndiye wa kuogopwa zaidi katika mahindi na muhogo mkavu. Ana urefu wa milimita 3 hadi 4.5, kahawia iliyokolea, na umbo la mviringo mrefu kama kipande cha kijiti. Kichwa chake kimefichwa chini ya shingo, kwa hiyo ukimtazama kutoka juu hukioni. Hana mdomo mrefu. Sehemu ya nyuma ya mwili imekatika ghafla, kana kwamba imepigwa msumeno. Alama hii ya nyuma ndiyo inayomtofautisha na wengine.

Alama ya pili ni vumbi. Dumuzi hutafuna kuliko anavyokula, na huacha unga mwingi mweupe ndani na chini ya gunia. Mahali ambapo fukusi huacha punje zenye matundu, dumuzi huacha maganda na unga.

Historia yake inawahusu wasafirishaji moja kwa moja. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Barani Afrika aligunduliwa kwanza katika eneo la Tabora nchini Tanzania, ambako wakulima walianza kulalamika mwishoni mwa miaka ya 1970, na akatambuliwa rasmi mwaka 1981. Mwaka 1983 alionekana Taveta nchini Kenya, na mwaka 1984 alipatikana Togo, upande wa pili wa bara. Baadaye alienea katika nchi nyingi za Afrika. Huruka, lakini masafa marefu ameyavuka ndani ya magunia, akifuata njia za malori na reli. Tanzania wapo waliompa jina la Scania, kama lori zito. Kenya wakulima wengi humwita Osama.

Hasara yake imepimwa. Katika maghala ya wakulima nchini Tanzania watafiti walikuta upotevu wa uzito wa mahindi uliofikia asilimia 34 baada ya miezi michache ya kuhifadhi. Katika muhogo mkavu, zaidi ya nusu ya uzito iliweza kupotea kwa miezi 4. Jambo hili ni zito kwa Busia, Teso na Tororo, ambako muhogo mkavu husagwa pamoja na mtama au wimbi kwa ajili ya ugali. Vipande vya muhogo vinavyotoa unga vinapogongwa havifai kupakiwa pamoja na mahindi.

Aidha, dumuzi hutoboa mbao. Nguzo za ghala, pallet za mbao na sakafu ya lori ni makazi yake wakati nafaka haipo.

DUMUZI MDOGO

Rhyzopertha dominica ana umbo kama la dumuzi na kichwa kilichofichwa vilevile, lakini ni mdogo, milimita 2 hadi 3, na nyuma yake ni ya mviringo, haijakatika. Hupatikana zaidi katika ngano, mpunga na mtama. Huacha vumbi lenye harufu tamu kiasi, kama ya asali iliyochacha. Wafanyabiashara wa mtama wanaopeleka viwandani wanapaswa kumfahamu, kwani hula punje kwa ndani na kuacha ganda.

FUKUSI WA MAHARAGE NA WA KUNDE

Katika maharage, kunde na choroko, wadudu ni wa jamii nyingine. Wana mwili mfupi mnene unaopungua kuelekea kichwani, na mabawa magumu hayafiki mwisho wa mwili, hivyo sehemu ya nyuma hubaki wazi. Hawana mdomo mrefu kama wa fukusi wa mahindi.

Fukusi wa maharage, Acanthoscelides obtectus, ana rangi ya kijivu na kahawia. Hutaga mayai ovyo katikati ya maharage, wala hayagandi kwenye ganda. Huanza shambani, jike akitaga ndani ya maganda yanayokauka.

Mwenzake Zabrotes subfasciatus, mdogo zaidi, huyagandisha mayai juu ya harage. Fukusi wa kunde, Callosobruchus maculatus, hufanya vivyo hivyo juu ya kunde na choroko. Mayai huonekana kama vitone vyeupe. Mnunuzi akiona vitone hivyo asidhani ni uchafu wa chokaa.

Wote hutoka kwa tundu la mviringo lililo safi, kama lililotobolewa kwa keekee. Kabla ya kutoka huacha kidirisha chembamba cha ganda kinachoonekana kama doa lenye kivuli. Harage lenye doa hilo lina mdudu ndani hata kama gunia zima halina mdudu anayetembea.

MBAWAKAWA MWEKUNDU WA UNGA

Tribolium castaneum ni mwekundu wa kahawia, bapa, mwenye urefu wa milimita 3 hadi 4, na hukimbia haraka unapofungua gunia. Hupatikana katika unga, pumba, mchele uliovunjika, njugu na vyakula vya mifugo. Hawezi kwa urahisi kuvunja punje nzima iliyo kavu. Hufuata nyuma ya fukusi na dumuzi, au nyuma ya mashine iliyovunja punje.

Kwa hiyo akiwa mwingi ndani ya mahindi yasiyosagwa, maana yake ni kwamba mahindi hayo yamekwisha kuharibiwa na mwingine, au yamevunjika sana, au ni ya zamani. Unga wenye wadudu hawa wengi hupata harufu kali na rangi ya waridi kutokana na majimaji wanayotoa. Unga wa namna hiyo haurudishwi katika hali nzuri kwa kuchekecha.

MBAWAKAWA WA MSUMENO

Oryzaephilus surinamensis ni mwembamba, milimita 2.5 hadi 3.5, na ana meno sita kila upande wa shingo, ambayo huonekana kwa kioo cha kukuzia. Naye hufuata nyuma ya wengine. Kwa kuwa ni mwembamba mno, huingia katika pakiti za biskuti, tambi na mchele kupitia mshono ulioachia. Ni mgeni wa kawaida katika maduka ya rejareja na makabati ya jikoni.

WADUDU WA DAGAA NA SAMAKI WAKAVU

Dagaa, ambao Kenya huitwa omena na Uganda mukene, wana wadudu wao. Dermestes maculatus ni mkubwa, milimita 5.5 hadi 10, mweusi mgongoni na mweupe tumboni. Mabuu yake ni ya kahawia, yana manyoya mengi, na ndiyo yanayokula zaidi. Yanapokaribia kukomaa hutafuta mahali pa kujificha na hutoboa maboksi, mbao na hata mizigo ya jirani.

Wa pili ni Necrobia rufipes, milimita 4 hadi 5, anayeng'aa rangi ya bluu na kijani, na miguu mekundu. Hakuna mwingine wa kumchanganya naye.

Wote wawili hustawi katika samaki ambao hawakukaushwa vya kutosha. Chumvi na ukaushaji mzuri kwenye chanja huwazuia. Kunyunyizia samaki dawa ya mbu au dawa ya mifugo ni kumlisha mteja sumu. Dagaa na nafaka pia visipakiwe pamoja katika lori moja, kwani pamoja na harufu, mabuu hutoboa magunia.

KAHAWA, TUMBAKU NA VIUNGO

Kahawa kutoka Mlima Elgon hushuka kupitia Mbale na Tororo kuelekea Malaba na Mombasa. Mdudu wake wa ghalani ni Araecerus fasciculatus, milimita 3 hadi 5, wa kijivu na kahawia mwenye mabaka, mgongo ulioinuka na miguu mirefu. Hushambulia pia muhogo mkavu. Hupenda bidhaa yenye unyevu, hivyo kuonekana kwake ni onyo kuhusu ukaushaji.

Katika tumbaku na viungo yupo Lasioderma serricorne, milimita 2 hadi 3, wa kahawia, aliyeinama kichwa hadi akaonekana kama ana kibyongo.

MDUDU WA KUTOLEWA TAARIFA

Mbawakawa wa khapra, Trogoderma granarium, yuko katika orodha za wadudu wanaozuiwa na nchi nyingi duniani. Mdudu mzima ni mdogo, milimita 2 hadi 3, wa kahawia, na haruki. Mabuu yake yana manyoya ya rangi ya dhahabu na hujificha katika nyufa, mishono ya magunia na sakafu za kontena, ambako yanaweza kuishi miaka kadhaa bila chakula. Mtu akikuta mabuu yenye manyoya ndani ya nafaka, mchele au ngano, asiyatupe. Ayatie katika chupa yenye spiriti na kuwapelekea wakaguzi wa mimea wa mpakani.

WANAODHANIWA KUWA MBAWAKAWA

Nondo wa nafaka, Sitotroga cerealella, ni kipepeo mdogo wa rangi ya majani makavu anayeruka gunia linapotikiswa. Huacha tundu la mviringo lenye kifuniko kidogo cha ganda. Nao chawa wa nafaka ni wadudu weupe laini, wadogo kuliko milimita 2. Hawaharibu sana, lakini wakiwepo kwa wingi ni ishara kwamba nafaka ina unyevu na ukungu hauko mbali.

UTAMBUZI WA HARAKA

Mdomo mrefu kama mkonga: fukusi wa mahindi au wa mchele.
Kichwa kimefichwa, nyuma imekatika, vumbi jingi: dumuzi.
Kichwa kimefichwa, nyuma ya mviringo, mdogo: dumuzi mdogo.
Mwili mfupi mnene katika maharage au kunde, tundu safi la mviringo: fukusi wa maharage au wa kunde.
Mwekundu, bapa, anakimbia: mbawakawa wa unga.
Mwembamba, meno ya msumeno shingoni: mbawakawa wa msumeno.
Bluu na kijani inayong'aa, miguu mekundu: Necrobia wa samaki.
Mabuu yenye manyoya ndani ya samaki: Dermestes. Ndani ya nafaka: toa taarifa.

VIWANGO VYA MPAKANI

Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa Februari 2018 na marais Yoweri Museveni na Uhuru Kenyatta. Mizigo hukaguliwa mara moja, upande inakoingia. Mazao ya mimea huhitaji cheti cha afya ya mimea kutoka nchi yanakotoka. Upande wa Uganda hutolewa na wakaguzi wa Wizara ya Kilimo, na upande wa Kenya na KEPHIS. Mfanyabiashara mdogo anayetumia utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 hupata nafuu katika cheti cha asili ya bidhaa, lakini ukaguzi wa afya ya mimea haujaondolewa.

Kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki, EAS 2, kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5 na mahindi yasiyo na wadudu hai. Punje zilizoharibiwa na wadudu zisizidi asilimia 1 kwa daraja la kwanza, asilimia 3 kwa daraja la pili na asilimia 5 kwa daraja la tatu. Sumu ya aflatoksini kwa jumla isizidi sehemu 10 kwa bilioni, na ile ya aina ya B1 isizidi 5.

Sumu hiyo ina uhusiano na wadudu. Tundu la fukusi ni mlango wa ukungu, na wadudu wanapokuwa wengi hupandisha joto na unyevu ndani ya gunia na kubeba mbegu za ukungu mwilini. Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya ukungu, na malori yakakwama mpakani. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti, yakiwemo usajili wa waagizaji na cheti cha kuthibitisha kiwango cha aflatoksini. Waliokuwa na mahindi makavu na safi ndio waliokuwa na nafasi nzuri ya kuvuka mapema.

Kupima unyevu kwa haraka, chumvi kavu hutiwa ndani ya chupa kavu pamoja na mahindi, chupa ikatikiswa na kuachwa dakika 15. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi hayafai kuhifadhiwa. Isipoganda, bado kipimo cha mashine kinahitajika ili kuthibitisha 13.5. Suala hili ni muhimu zaidi kwa mahindi ya msimu wa kwanza wa mashariki mwa Uganda, ambayo huvunwa kuanzia kama mwezi wa Julai, wakati mvua bado hunyesha.

DAWA NA NJIA NYINGINE

Umuhimu wa kumjua mdudu huonekana wazi katika dawa za unga. Pirimiphos-methyl humuua fukusi vizuri lakini ni dhaifu kwa dumuzi. Permethrin humuua dumuzi lakini ni dhaifu zaidi kwa fukusi. Ndiyo sababu dawa kama Actellic Super ilitengenezwa kwa kuchanganya zote mbili baada ya dumuzi kuingia Afrika. Mwenye kununua dawa ya zamani ya kiungo kimoja, akaitia katika mahindi yenye dumuzi, amepoteza fedha na mahindi. Kipimo na muda wa kusubiri kabla ya kula husomwa katika kibandiko. Mahindi ya mbegu yaliyopakwa rangi hayaliwi kamwe.

Mifuko isiyopitisha hewa, kama ile ya tabaka tatu ya PICS, huua wadudu wa aina zote kwa kuwanyima hewa, bila sumu. Nafaka lazima iwe kavu, na mfuko usitoboke. Kwa kuwa dumuzi hutoboa plastiki, mifuko isiwekwe karibu na mbao au magunia yenye dumuzi.

Kuanika juani juu ya turubai huwakimbiza wadudu wazima na kukausha nafaka, lakini mabuu yaliyo ndani ya punje mengi hubaki. Turubai litandikwe mbali na ghala, la sivyo wanaokimbia hurudi nyumbani.

Vidonge vya gesi ya fosfini huua hata waliomo ndani ya punje, ikiwa mzigo umefunikwa kwa turubai lisilopitisha gesi kwa muda wa kutosha, kwa kawaida siku 5 hadi 7 au zaidi. Kufukiza kwa usiku mmoja huwaua wazima tu, na huzalisha wadudu sugu. Aidha, gesi ikiisha haiachi kinga. Mzigo uliofukizwa ukiwekwa katika ghala chafu hushambuliwa upya.

Gesi hii huua watu. Haina dawa ya kuiondoa mwilini. Vidonge visitiwe ndani ya nyumba ya kulala, wala katika chumba cha jirani, wala ndani ya gunia lililo juu ya lori linalosafiri. Utingo anayelala juu ya mzigo wenye vidonge huenda asiamke. Kazi hii ifanywe na mtu mwenye leseni, na dereva ana haki ya kuuliza mzigo ulifukizwa lini na kama gesi imekwisha kutolewa.

LORI, GHALA NA JIKONI

Lori lifagiliwe kila baada ya kushusha, hasa pembeni na chini ya mbao za sakafu. Magunia ya zamani yachemshwe au yaanikwe juani kabla ya kutumika tena. Ghalani, magunia yapangwe juu ya pallet, mbali na ukuta, na mzigo wa zamani utoke kwanza. Makombo ya msimu uliopita yachomwe moto. Unga laini ukionekana chini ya nguzo au fremu ya mlango penye matundu ya milimita 1 hadi 2, huenda ni bungua wa mbao, lakini katika ghala la mahindi dumuzi naye achunguzwe.

Nyumbani, unga na maharage vihifadhiwe katika vyombo vyenye mfuniko unaobana. Pakiti iliyoingiliwa iondolewe na kabati lifutwe hadi kwenye pembe. Kupulizia dawa ya mbu ndani ya kabati la chakula ni hatari kuliko mdudu mwenyewe.

Kwa mnunuzi anayepata mzigo mara kwa mara kwa muuzaji yuleyule, inafaa kuweka kikombe cha sampuli ndani ya chupa iliyofunikwa kwa kitambaa, yenye tarehe na jina la kijiji, kwa wiki 6. Wadudu watakaotoka humo wataonyesha ni mahindi ya nani yaliyofika yakiwa na mayai ndani, na bei ya msimu ujao ipangwe kwa kuzingatia hilo.